Dual Gold kwenye karanga: misimu miwili shambani kwangu, Kongwa

Haya nayaandika kwa ajili ya mkulima aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la pembejeo mwezi wa Desemba, mvua ya kwanza imeshanyesha, mbegu iko nyumbani kwenye kiroba, na kijana wa dukani anamwambia: "Mama, ukipiga hii, jembe utalisahau." Mimi niliambiwa hivyohivyo. Jembe sikulisahau. Lakini dawa yenyewe, Dual Gold ya kuzuia magugu, nimeinunua tena, na msimu ujao nitainunua kwa mara ya tatu, kwa hiyo naona ni haki nieleze inafanya nini na haifanyi nini, maana dukani hayo hukuyasikia na mimi sikuyasikia.

Nalima heka mbili za karanga wilayani Kongwa, njia ya kwenda Mlali. Mbegu yangu ni Pendo, ile ya watafiti wa Naliendele kule Mtwara, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100. Udongo wangu ni mwekundu wenye mchanga, mwepesi juu, lakini jua likiupiga wiki mbili unakuwa tofali. Wazee wetu wanaujua. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa Kongwa wakitaka kulima karanga eneo lisilopimika kwa macho, na kufikia 1951 walikuwa wamefunga mradi baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Marehemu babu alikuwa kibarua pale. Alisema mashine zilishindwa na visiki, udongo na ukame. Nasi tunalima karanga kwenye ardhi hiihii kila mwaka, kwa mkono, na kinachotusumbua kuliko visiki ni majani.

Mwenye kulima mahindi anaweza kuchelewa palizi wiki moja akasamehewa. Karanga haisamehi. Ni fupi, inaanza kwa taratibu, na nyasi zikiipita urefu wiki ya tatu haiinuki tena. Halafu ikifika kama siku ya thelathini inatoa maua, na baada ya maua vinashuka vile vikonyo vyembamba kama sindano, vinachoma ardhi na kwenda kuzaa huko chini. Ukiingia na jembe wakati huo unakata karanga ambazo hujaziona bado. Kwa hiyo una wiki nne tu za kupalilia kwa raha, na wiki hizo nne zinaangukia Januari, mwezi ambao kila mtu kijijini anapalilia mtama na mahindi yake, vibarua hawashikiki, watoto wanafungua shule, na ada inadaiwa. Ndiyo maana nilianza kuitafuta dawa. Sikuwa nakimbia kazi. Nilikuwa na mwezi mmoja wenye kazi za miezi miwili.

Nilichonunua ni Dual Gold, chupa ya lita moja, shilingi 38,000, Kibaigwa. Kiambato chake ni metolaklori. Kwenye lebo imeandikwa S-metolachlor, gramu 960 kwa lita. Nayataja maandishi hayo kwa sababu kiambato kilekile kinauzwa kwa majina mengine pia, na ukishayajua utalinganisha bei bila kudanganywa na rangi ya chupa. Lebo ya chupa yangu ilikuwa na Kiswahili, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chupa isiyo na namba hiyo mrudishie mwenye duka hata kama anapunguza elfu kumi.

Kwanza ielewe tabia ya dawa hii, vinginevyo utaitupia lawama isiyo yake. Haiui jani lililokwisha kuota. Unaipiga juu ya udongo mtupu, karanga zimeshafukiwa, na hakuna kilichochomoza, si karanga wala nyasi. Inakaa kwenye ile sentimita chache za juu. Mbegu ya nyasi ikianza kuchipua, kichipukizi chake kinapita kwenye udongo wenye dawa, kinainyonya, kinakwama. Karanga inapita salama kwa sababu yenyewe inaweza kuivunja dawa hiyo mwilini mwake. Lakini dawa haishuki yenyewe kwenda kuikuta mbegu ya jani. Inashushwa na maji. Udongo ukiwa mkavu, umepaka rangi ardhi tu.

Mimi nilipaka rangi ardhi msimu wa kwanza.

Nilipanda baada ya mvua moja nzuri, tukasubiri siku nne fundi wa kupuliza apatikane, na alipokuja udongo wa juu ulikuwa umeshakauka unatoa vumbi. Nikamwambia apige tu, mvua itakuja. Mvua ilikuja baada ya siku kumi na tatu. Kufikia hapo karanga zilikuwa zimeota na nyasi nazo zimeota pamoja nazo, tena kwa furaha. Nilipalilia heka zote mbili kwa jembe kama kawaida na nikawa nimetoa hela ya dawa juu yake. Nilikasirika. Nilisema ni maji ya rangi. Bwana shamba wetu alipopita nikamlalamikia, akaniuliza swali moja: "Mama, siku unapiga, ukichukua udongo mkononi ukaukanda, ulishikana?" Haukushikana. Akaniambia nisiihukumu dawa kwa msimu huo.

Msimu wa pili nilifanya kwa mikono yangu na kijana wangu, na nikafanya hesabu kabla ya kufungua chupa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na dukani wanakupa kipimo cha vizibo. "Vizibo viwili kwa bomba." Vizibo viwili vya chupa ipi? Bomba la lita ngapi? Anayetembea haraka na anayetembea polepole wanaweka dawa sawa kwenye heka?

Tulipima hivi. Tulikata kamba, tukachora shambani mraba wa mita kumi kwa kumi. Tukatia maji matupu kwenye bomba letu la lita 16, kijana akapuliza mraba ule kwa mwendo wake wa kawaida, kisha tukapima maji yaliyopungua: lita mbili. Heka moja ni kama miraba arobaini ya namna ile. Kwa hiyo kwa mwendo wa kijana wangu na pua ya bomba lile, heka inakula lita 80, yaani mabomba matano. Kwa udongo wetu mwepesi nilichagua mililita 400 kwa heka. Udongo mzito unahitaji zaidi, na cha kufuata ni lebo ya chupa yako. Mililita 400 ukigawa kwa mabomba matano ni mililita 80 kila bomba. Nilichukua kikombe cha kupimia dawa ya maji, kile cha plastiki chenye mistari, nikakitenga kwa kazi hiyo tu, nikakichora alama nyekundu kisirudi jikoni. Nawe usiazime hesabu yangu. Azima kamba.

Pua ya bomba nayo niliibadilisha. Bomba lilikuja na ile inayotoa dawa kwa mduara, ambayo ni nzuri kwa wadudu kwenye nyanya. Kwa dawa ya kupiga ardhini nilinunua inayotandaza bapa kama feni, shilingi 5,000. Tofauti unaiona kwenye udongo wenyewe: ya mduara inaacha pete pete za unyevu na katikati pakavu, ya feni inaacha utepe mmoja uliolowa sawasawa.

Tulipanda Jumamosi, baada ya mvua ya usiku mbili mfululizo. Jumapili alasiri, upepo umetulia, udongo ukikandwa unashikana, tukapiga. Dawa ikiingia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa, na ina harufu kali kama ya kiyeyushio cha rangi ambayo inakaa kwenye nguo hata baada ya kufua. Kijana alitembea kinyumenyume asikanyage alipopuliza. Jumatatu usiku ikanyesha, si kubwa, ya kulowesha tu. Nililala vizuri.

Siku ya tisa nilikwenda shambani asubuhi, nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa kidole. Kwa mbali shamba lilionekana tupu, karanga tu ndizo zinainua vichwa, vile vipande viwili vya mbegu vimebana jani katikati. Lakini chini ya ganda la udongo, kama unene wa ukucha, nyasi zilikuwepo. Zilikuwa zimechipua na kukwama. Kichipukizi kimejipinda kama ndoana, cheupe, na jani limejikunja ndani ya ala yake kama kitenge kilichokunjwa mara nyingi na kufungwa kamba, halifunguki. Nilihesabu zaidi ya kumi kwenye eneo la kiganja changu. Msimu mwingine wowote hizo kumi zingekuwa zimeshatoka juu. Nilibaki pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Nyasi za msimu, zile zinazoota kwa mbegu, zilizuilika vizuri kwa wiki tano, wiki ya sita zikaanza kutokeza moja moja. Mchicha pori nao haukuota. Na kuna lile jani laini lenye mashina ya maji na kiua cha buluu, ambalo watoto wanachumia sungura, unalipalilia leo na kesho kila pingili iliyogusa udongo imetoa mizizi. Nililiogopa kuliko yote, kwa sababu jembe halilimalizi, linalizidisha. Hilo nalo lilipungua sana, na kwangu hii peke yake inatosha kunirudisha dukani.

Sasa yaliyobaki. Kishonanguo kiliota kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbigili pia. Sangari, ile nyasi inayotambaa na kuishi miaka chini kwa chini, haikusikia chochote, kwa sababu haihitaji mbegu. Na ndago.

Ndago nataka niseme kwa kirefu kidogo, maana wauzaji wengi wanaapa kuwa dawa hii inaiua. Shambani kwangu zipo za aina mbili na ukizitazama juu juu hutazitofautisha. Chimba. Moja ukiivuta taratibu inakuja na mnyororo wa vifundo, kimoja kimeungwa na kingine kama tasbihi, vyeusi, na ukitafuna ni chungu. Nyingine ina kifundo kimoja mwisho wa kila uzi, cha kahawia, na watoto wanakila kwa sababu kina utamu. Ile ya kifundo kimoja ilidumaa. Nyingi hazikutoka, zilizotoka zilikuwa dhaifu. Ile ya tasbihi haikujali. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa yako kwa ajili ya ndago, chimba kwanza ujue unayo ipi.

Karanga zenyewe je? Sehemu ya bondeni, ambako maji yalisimama baada ya mvua ya wiki ya pili, miche iliota imevimba shingo na ikachelewa kama siku tano nyuma ya wenzake. Ilipona, lakini iliniogopesha. Ukiwa na udongo wa mchanga mtupu na mvua kubwa, usizidishe kipimo hata kidogo, dawa itashuka mpaka kwenye mbegu yako.

Niliacha mistari minane ya mita hamsini bila dawa, tukaipalilia kwa jembe kwa wakati, mara mbili, vizuri. Nilipovuna nilipima mistari minane ya dawa na minane ya jembe. Ya dawa ilitoa debe tatu na nusu za maganda. Ya jembe ilitoa debe tatu na nusu kasoro kisado. Naomba msomaji alione hilo: dawa haikuniongezea mavuno juu ya jembe lililowahi. Iliniongezea wakati. Heka zangu mbili zote zilipata palizi ya kwanza kwa siku moja, kesho yake baada ya kupanda, jambo ambalo kwa jembe sijawahi kuliweza. Kwa jembe nikimaliza upande huu, upande ule umeshalemewa. Anayepalilia kwa wakati kwa mikono ya watoto wake wengi, na ana heka moja, haihitaji chupa hii.

Kwa pesa, hesabu yangu ni hii. Palizi ya kwanza kwa vibarua ni shilingi 50,000 kwa heka, ya pili 40,000, kwa heka mbili jumla 180,000. Kwa dawa nilitumia 38,000, na chupa ilibaki na mililita 200. Wiki ya tano niliweka vibarua wapitie kishonanguo, mbigili na ndago, wang'oe kwa mkono pale penye vikonyo, 35,000 kwa heka. Jumla 108,000. Toa pua ya bomba 5,000, na glavu na barakoa 12,000, nimebakiwa na 55,000. Si utajiri. Ni madaftari na sare ya mtoto mmoja, Januari ileile.

Kitu kingine kilichosaidia, ambacho hakiuzwi: nilibana nafasi. Zamani tulipanda ovyo, unaweza kulaza mbuzi kati ya mstari na mstari. Sasa ni sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu na mbegu. Dawa inapoishiwa nguvu wiki ya sita, karanga ziko karibu kukutana majani, na palipo na kivuli nyasi haziinuki kwa kasi. Bila kubana nafasi nadhani ningelazimika kupalilia mara mbili hata kwa dawa.

Onyo kubwa kwa watu wa Dodoma na Singida: usipige hii mahali ulipochanganya mtama. Sisi wengi tunachanganya, mstari wa mtama kila baada ya karanga kadhaa. Mtama ni nyasi kama nyasi nyingine, na dawa hii hailitambui jina lake la heshima. Isipokuwa mbegu iwe imepakwa dawa maalumu ya kuikinga, na mbegu yetu ya kwenye kichanja haijapakwa, utaukuta umekwama chini ya udongo na kujipinda kama zile ndoana nilizofukua. Uwele sitauthubutu pia. Mahindi yanaivumilia, na alizeti.

Na onyo hili limeniuma zaidi, kwa sababu limempata mtu wangu. Jirani yangu, mama mwenzangu mwenye watoto wanne, aliona shamba langu msimu ule akaniuliza nimepiga nini. Nikamwambia. Lakini karanga zake zilikuwa zimeshaota, zina wiki tatu. Akaenda duka moja la pembejeo akasema anataka dawa ya majani, akauziwa chupa. Hakuulizwa zao gani. Alipiga asubuhi. Siku ya tatu akaja kwangu na mche mkononi, hakusalimia hata. Mabua yamejisokota, majani yamegeuka nyuma kama mtu aliyegeuza viganja. Nikasoma chupa: 2,4-D. Hiyo ni dawa ya kuua majani mapana kwenye mahindi, na karanga ni jani pana. Dawa ilifanya kazi yake sawasawa. Nusu heka ilikwenda yote, na mwaka huo hakuna alichouza.

Kwa mwenye karanga zilizokwisha kuota, zipo dawa za nyasi pekee ambazo hazidhuru karanga. Tafuta kwenye lebo quizalofop, haloxyfop au fluazifop, na upige nyasi zikiwa changa, majani mawili mpaka manne. Nilitumia ya kwanza kati ya hizo kwenye kipande kidogo cha pembeni na nyasi zilianza kuwa njano katikati baada ya wiki hivi. Haigusi kishonanguo wala ndago. Kwa sangari, dawa ni glaifosati kabla ya kulima, lakini ile inataka sangari iwe kijani na inakua, maana yake mvua iwe imeshaanza, kisha usubiri isafiri mpaka mizizini kabla hujalima. Kongwa tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Kuitoa sadaka wiki ya kwanza na ya pili ya mvua kwa ajili ya sangari ni uamuzi mzito, na mimi mpaka leo naing'oa kwa mkono nyuma ya plau na kuianika.

Sasa usalama, na hapa sitaki utani na mtu. Dawa hii inawasha macho, na kuna watu ambao ngozi zao zikishaizoea vibaya zinavimba kila zikiigusa. Kijana wangu alivaa buti, suruali nje ya buti, shati la mikono mirefu, glavu na barakoa, na akaoga kabla ya kula. Nguo zilifuliwa peke yake. Chupa ikiisha nasuuza mara tatu, maji ya suuzo yanarudi kwenye bomba na kwenda shambani, kisha naitoboa kwa msumari. Nimewaona watu wakiwekea mafuta ya kula kwenye chupa hizi kwa sababu ni imara na zina kizibo kizuri. Jamani, toboeni.

Na maji. Binti yangu anasoma kilimo Morogoro, ndiye aliyenieleza kuwa Januari 2024 Umoja wa Ulaya ulichapisha uamuzi wa kutoendelea kuiidhinisha metolaklori hii, na sababu mojawapo ni mabaki yake kushuka mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi. Pia ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Hapa nchini inauzwa na inaruhusiwa, lakini sisi tunakunywa maji ya visima, na ng'ombe wetu wanakunywa lambo. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Nilichoamua ni kutopiga kabisa upande wa korongo, kama hatua thelathini hivi, kutooshea bomba karibu na kisima, kutozidisha kipimo, na kutoipiga shamba moja kila mwaka. Msimu ujao karanga zinahamia kwenye heka zilizokuwa na mahindi, na zile zinapumzika na jembe. Kama siku moja wataalamu wetu watasema iachwe, nitaiacha.

Jambo la mwisho ni la jikoni. Siku ile nafurahia mchicha pori kutoota, mama mkwe wangu alikuja na ungo wake kama anavyokuja kila Januari, akazunguka shamba zima na kurudi na ungo mtupu. Akaniuliza, "Mwanangu, mboga imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Mlenda na mchicha tunaouchuma kwenye palizi, ukapikwa na karanga za kutwanga zilizobaki za mwaka jana, ndicho kitoweo chetu mpaka kunde zikomae. Kile ambacho lebo inakiita magugu, nusu yake ni mboga yake yeye. Ile mistari minane niliyoiacha kwa ajili ya kulinganisha ndiyo iliyotulisha, na alijua njia ya kwenda pale bila kuelekezwa tena.

Msimu ujao basi ni hivi: zile mililita 200 zilizobaki nimezifungia kwenye sanduku la bati stoo, juu, mbali na watoto, na kwa kuwa tarehe yake haijaisha nitazitumia kwanza. Nitanunua lita moja nyingine. Nitasubiri udongo ushikane mkononi. Mistari ya kuacha itakuwa ishirini badala ya minane, upande wa nyumbani. Ninachotafuta sasa ni dawa ya majani mapana isiyodhuru karanga iliyokwisha kuota, lebo iwe na bentazon, kwa ajili ya kishonanguo. Kibaigwa nimeulizia maduka matatu sikuipata. Mwenye kuiona Mpwapwa au Dodoma mjini aniambie bei yake na ujazo wa chupa.